Mapango: Njia Zilizochimbwa na Maji

Mapango mengi makubwa duniani yamo ndani ya mawe ya chokaa, na aliyeyachimba ni maji ya mvua. Mvua ikinyesha hunyonya gesi kidogo ya kaboni dayoksaidi kutoka hewani, kisha ikishazama kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza huchukua nyingi zaidi. Maji hayo huwa na asidi hafifu sana. Mtu akiyanywa hayamdhuru, lakini chokaa haiwezi kuyavumilia. Yakipata ufa katika mwamba hupenya humo, na kila yanapopita hulamba jiwe kidogo. Baada ya miaka elfu nyingi ufa huwa mfereji, mfereji huwa ujia wa mtu kupita ameinama, na ujia huwa ukumbi. Siku ambayo maji yatapata njia nyingine ya chini zaidi, ukumbi ule hubaki mkavu, hewa ikaingia, na hapo ndipo watu husema wameona pango.

Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya Jiji la Tanga, ni mfano ulio karibu na wasomaji wengi. Mwamba wake wa chokaa ulijilimbikiza chini ya bahari enzi za dinosaria, takriban miaka milioni 150 iliyopita. Baadaye bahari ikarudi nyuma, mvua ikaanza kazi yake. Anayeingia leo huona kuta zenye mawimbi na mabonde laini, alama za maji yaliyokuwa yakipita kwa kasi mahali ambapo sasa hayapiti tena.

Maji yakishachimba, hugeuka mjenzi. Tone linalochuruzika kutoka darini limebeba chokaa iliyoyeyuka. Likifika kwenye hewa ya pango hupoteza ile gesi, likashindwa kuishika chokaa yote, na chembe ndogo isiyoonekana kwa macho hubaki imeganda pale lilipokuwa limening'inia. Tone lifuatalo huacha chembe yake juu ya ile ya kwanza. Hivyo huota stalaktiti, nguzo inayoning'inia kutoka juu. Tone linapodondoka sakafuni huacha chokaa iliyobakia, nayo huinuka polepole ikawa stalagmiti. Mwanzoni stalaktiti huwa mrija mwembamba, mtupu katikati, wenye unene wa tone lenyewe. Mikono ya wageni huidhuru kuliko wanavyodhani, kwa sababu mafuta ya ngozi yanayobaki juu ya jiwe huzuia chokaa mpya isishike, na nguzo hiyo huacha kukua.

Si kila pango limetokana na chokaa. Katika Milima ya Chyulu nchini Kenya yapo mapango yaliyoachwa na volkano. Lava ilipokuwa ikitiririka, uso wake ulipoa na kuwa gome gumu huku ujiuji wa moto ukiendelea kupita chini yake; ulipokwisha kupita, ukaacha handaki tupu. Pango la Leviathan katika milima hiyo lina zaidi ya kilomita 10 za njia, nalo ni miongoni mwa mahandaki marefu ya lava duniani. Mlima Suswa, katika Bonde la Ufa, una mapango ya namna hiyohiyo. Pwani na visiwani yapo ya matumbawe, kama lile la Mangapwani, Unguja, lenye kisima cha maji matamu ndani yake. Hata hivyo, mtu anayetaka kwenda chini kabisa hana budi kurudi kwenye chokaa, maana ndiyo mwamba unaoweza kutobolewa kutoka kilele cha mlima hadi usawa wa bahari.

Mazingira ya pango hubadilika hatua kwa hatua. Mlangoni kuna jua, majani na mijusi. Baada ya mita kadhaa huja eneo la mwanga hafifu, ambako kuvu na buibui hujimudu. Mbele ya hapo ni giza tupu. Nje usiku, hata pasipo mwezi, zipo nyota, na macho yakizoea huona vivuli. Ndani ya pango macho hayazoei kitu, kwa sababu hakuna hata chembe ya mwanga. Mtu akizima tochi na kupunga mkono mbele ya uso, mara nyingi atahisi anauona ukipita. Hauoni. Ubongo unaujua mkono ulipo na unajichorea picha.

Joto nalo hutulia. Mbali na mlango, pango huwa na joto linalokaribia wastani wa mwaka mzima wa mahali lilipo, mchana na usiku, kiangazi na masika. Ndiyo maana mapango ya mwambao wa Afrika Mashariki ni ya vuguvugu na yenye jasho, ilhali yale ya milima ya Ulaya na Kaukasi yana nyuzijoto chache tu juu ya sifuri. Unyevu wa hewa huwa karibu asilimia 100, kwa hiyo nguo ikilowa haikauki. Katika mapango ya baridi, hilo huua kabla ya njaa.

Kushuka mashimo ya wima kuna historia yake. Mfaransa Édouard-Alfred Martel, mwanasheria aliyependa mapango kuliko kesi, alishuka katika shimo la Padirac mwaka 1889, na mwaka 1895 akashuka Gaping Gill kule Uingereza, shimo la takriban mita 100 ambalo mto mzima hujimwaga ndani yake. Alitumia ngazi ya kamba, huku maji ya maporomoko yakimpiga kichwani. Ngazi hizo zilikuwa nzito, na kundi la watu lilihitajika kuzibeba.

Siku hizi ni kamba moja tu. Mshukaji huvaa mkanda wa kiunoni na mapajani, kofia ngumu yenye taa, ovaroli na mabuti ya mpira. Kifaa cha kushukia huibana kamba, naye huilegeza polepole kwa mkono. Kamba haiachwi ikaning'inia moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Kila mahali inapoelekea kusugua mwamba hufungwa upya kwenye pini iliyopigwa ukutani, na mshukaji akifika hapo hujihamisha kutoka kipande kimoja kwenda kingine akiwa hewani. Kamba inayosugua jiwe kwa saa moja inaweza kukatika.

Kazi yenyewe iko kwenye kupanda. Mpandaji ana vibano viwili vyenye meno madogo, vinavyoteleza kwenda juu lakini havirudi chini. Kimoja kimefungwa kifuani. Kingine anakishika mkononi, nacho kimeunganishwa na kitanzi cha kukanyagia. Anakaa kwenye mkanda, anakunja magoti, anasukuma kibano cha mkononi juu, anasimama kwenye kitanzi, kibano cha kifuani kinapanda naye, anakaa tena. Kila mzunguko humwinua kiasi cha sentimita 30 hadi 50. Shimo la mita 100 humdai basi mizunguko mia mbili na zaidi, na mapango marefu yana mashimo kadhaa ya namna hiyo yaliyopangana. Safari ya kwenda chini humpa mtu nguvu za bure, na ndiyo sababu wenye uzoefu huamua mahali pa kugeukia wakati bado wanajisikia wazima.

Katikati ya mashimo kuna njia nyembamba, na hizi ndizo zinazowashinda wengi. Mtu hulala kifudifudi, hunyoosha mkono mmoja mbele na kuuacha mwingine ubavuni ili mabega yapungue upana, hutoa pumzi yote ili kifua kinywee, kisha husukuma kwa ncha za vidole vya miguu. Akivuta pumzi, mwamba humbana mgongoni na kifuani kwa pamoja. Hofu inayompata hapo haina aibu yoyote, ila inambidi aimudu, kwa sababu mwenye hofu hupumua haraka na kifua chake hujaa. Kanuni ya taa nayo haina mjadala kwa wanaojua kazi hii: kila mtu hubeba taa zisizopungua tatu zinazojitegemea. Aliyepotewa na mwanga ndani ya pango hatafuti njia. Hukaa alipo na kusubiri wenzake.

Kina kikubwa kuliko vyote kinachojulikana kiko katika mlima wa chokaa wa Arabika, Abkhazia, kando ya Bahari Nyeusi. Hapo maji yaliwatangulia wapelelezi. Mwaka 1984 watafiti wakiongozwa na Alexander Klimchouk walitia rangi kwenye maji yanayoingia mapangoni juu mlimani, nayo rangi ikajitokeza kwenye chemchemi za pwani, nyingine ikiwa karibu na usawa wa bahari. Ikajulikana kwamba kuna njia ya zaidi ya mita 2,000 kwenda chini, japokuwa hakuna mtu aliyewahi kufika hata nusu ya pili ya safari hiyo. Ilichukua miaka 20 kwa miguu kuifikia rangi. Mwaka 2004 timu ya Chama cha Mapango cha Ukraine ilivuka mita 2,000 katika pango la Krubera, mara ya kwanza katika historia. Baadaye pango jirani, Veryovkina, lilifikiwa hadi kina cha takriban mita 2,200, na ndilo linaloshika nafasi ya kwanza. Kufika chini na kurudi huchukua siku nyingi. Wapelelezi hulala kambini humohumo kwenye hema na mifuko ya kulalia, hupika kwa gesi na hubeba taka zao zote, choo kikiwemo. Kwa urefu mshindi ni mwingine kabisa: Mammoth Cave, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, lenye zaidi ya kilomita 680 za njia zilizopimwa.

Kukaa muda mrefu chini huvuruga kitu ambacho wengi hudhani hakivurugiki, nacho ni hesabu ya siku. Mwaka 1962 Mfaransa kijana, Michel Siffre, mwenye miaka 23, alijifungia peke yake bila saa katika pango lenye barafu kwenye milima ya Alps, kina cha mita 130 hivi. Alikuwa na simu ya kuwaarifu walio juu kila alipolala na kuamka, lakini wao hawakuruhusiwa kumwambia saa wala tarehe. Katika jaribio mojawapo alitakiwa ahesabu hadi 120 kwa kasi ya namba moja kila sekunde. Alitumia dakika tano badala ya mbili, wala hakujua. Alipoambiwa muda umekwisha ilikuwa tarehe 14 Septemba. Katika daftari lake alikuwa bado yumo tarehe 20 Agosti. Mwili ulikuwa umelala na kuamka kwa mzunguko unaokaribia saa 24, lakini akili yake ilikuwa imepoteza karibu mwezi mzima. Jaribio hilo lilisaidia kuonyesha kwamba binadamu ana saa yake ya ndani.

Maji yaliyochimba pango hayajaliacha. Mvua kubwa juu ya mlima inaweza kuonekana chini baada ya saa chache tu, na mtu aliye ndani hana wingu la kumwonya. Pengine upepo hubadilika au mngurumo husikika kwa mbali. Mwezi Septemba 2018 timu iliyokuwa karibu na sakafu ya Veryovkina ilisikia mngurumo huo. Maji yalikuja kwa wingi, yakaimeza kambi yao, nao wakapanda kamba wakiacha vifaa nyuma huku maji yakiwafuata kutoka chini. Wote walitoka hai.

Miezi michache kabla ya hapo dunia nzima ilikuwa imefuatilia tukio la Tham Luang, kaskazini mwa Thailand. Tarehe 23 Juni 2018 wavulana 12 wa timu ya soka na kocha wao waliingia pangoni baada ya mazoezi. Mvua ikanyesha, ujia wa nyuma yao ukajaa maji. Walipatikana usiku wa tarehe 2 Julai na wazamiaji wawili wa Uingereza, Richard Stanton na John Volanthen, wakiwa wamekaa kwenye kichuguu cha tope kilomita kadhaa kutoka mlangoni. Kuwapata kulikuwa nusu tu ya kazi. Watoto hawakujua kuzamia, maji yalikuwa ya tope kiasi kwamba mzamiaji hakuona mkono wake, na oksijeni ndani ya chumba chao ilikuwa imeshuka hadi asilimia 15, wakati hewa ya kawaida ina 21. Tarehe 6 Julai Saman Kunan, mwanamaji wa zamani wa Thailand, alikufa akirudi kutoka kupeleka mitungi ya hewa.

Suluhisho lililochaguliwa lingeonekana la kichaa penginepo. Daktari wa Australia, Richard Harris, ambaye ni mtaalamu wa usingizi na pia mzamiaji wa mapango, aliwalaza watoto kwa ketamini. Walivishwa barakoa za uso mzima na kufungwa mikono, na kila mmoja alivutwa chini ya maji na mzamiaji kama mzigo, akiongezewa dawa njiani kila alipoanza kuzinduka. Mtoto aliye macho angeshikwa na hofu kwenye kona nyembamba, akajiua yeye na aliyembeba. Kati ya tarehe 8 na 10 Julai wote 13 walitolewa.

Pasipo mafuriko bado uokoaji wa pangoni ni mzito. Septemba 2023 mpelelezi wa Marekani, Mark Dickey, alianza kutokwa na damu tumboni akiwa kina cha takriban mita 1,000 katika pango la Morca, Uturuki. Madaktari walishuka wakamwongezea damu hukohuko, na zaidi ya watu 150 kutoka nchi kadhaa wakamtoa kwa machela, wakipanua njia nyembamba kila ilipohitajika. Ilichukua zaidi ya wiki moja tangu augue mpaka akatoka. Mgonjwa huyohuyo angekuwa mtaani, hospitali ingempokea ndani ya saa moja.

Hatari nyingine hazina kishindo. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa na hujikusanya mashimoni, ambako mtu huanza kuhema na kuumwa kichwa kabla ya kuelewa sababu. Vumbi la kinyesi cha popo linaweza kubeba kuvu linaloshambulia mapafu. Katika Afrika Mashariki lipo la kuangaliwa zaidi. Pango la Kitum, Mlima Elgon, linasifika kwa tembo wanaoingia gizani usiku kukwangua kuta kwa pembe zao ili wale chumvi iliyomo kwenye mwamba. Lakini mwaka 1980 na tena 1987 watu waliokuwa wamelitembelea waliugua homa ya Marburg wakafa. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa kwa ugonjwa huohuo baada ya kuingia Pango la Chatu, katika msitu wa Maramagambo nchini Uganda. Watafiti waligundua kwamba virusi vya ugonjwa huo hukaa ndani ya popo walao matunda wa jamii moja wanaolala mapangoni kwa maelfu, nao hawaugui. Si kila pango lenye popo lina Marburg, na popo wenyewe wana faida kubwa ya kuchavusha miti na kula wadudu. Ila kuingia panapolala kundi kubwa la popo bila barakoa wala glavu ni kujitakia.

Binadamu ameyatumia mapango tangu kale, ingawa kwa kawaida hakwenda mbali na mlango. Pango la Panga ya Saidi, katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, lilikuwa makao ya watu kwa makumi ya maelfu ya miaka. Humo waliopekua udongo walikuta kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Mifupa ilikuwa laini kiasi cha kuvunjika ikiguswa, hivyo donge zima la udongo lilifungwa kwa plasta na kupelekwa maabara, ambako ilionekana kwamba mtoto alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na kichwa pengine kiliwekewa kitu cha kuegemea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na ndilo kaburi la kale kuliko yote yanayojulikana Afrika. Watafiti walimpa jina la Mtoto.

Katika pwani hiyohiyo mapango ni mahali pa mizimu na ibada. Amboni watu huacha sadaka na kuomba, na wenyeji husimulia habari za Osale Otango, aliyejificha humo miaka ya 1950 akiwindwa na serikali ya kikoloni. Wapo pia wanaosimulia kwamba njia zake hufika Mombasa, na kwamba mbwa aliyepotelea ndani alionekana Kilimanjaro. Mapango hukaribisha simulizi za namna hiyo kwa kuwa gizani mita mia moja ni ndefu mno. Wapimaji waliofika mwaka 1994 walikuta kwamba Amboni ni mapango kumi yasiyounganika, na lililo refu kuliko yote lina mita 900 hivi.

Upimaji ndio kazi kubwa ya upelelezi wa mapango, hata kama hausimuliwi sana. Mtu mmoja husimama kwenye kituo, mwingine hutangulia hadi kituo kifuatacho, wakapima umbali, uelekeo na mteremko, siku hizi kwa kifaa kidogo cha leza, na wa tatu huchora kuta palepale akiwa na penseli na karatasi isiyolowa. Bila ramani hiyo pango halihesabiki kuwa limepelelezwa. Ramani huonyesha pia mahali upepo unapotoka pasipo na njia, dalili kwamba nyuma ya kifusi kuna nafasi, na huko ndiko timu inayofuata itaanza kuondoa mawe.

Pango likishajulikana huanza kuchakaa. Majina huandikwa ukutani, nguzo huvunjwa zikawa kumbukumbu ya safari, moshi wa mienge huacha masizi ambayo hakuna mvua ya kuyaosha. Hata pumzi hudhuru. Lascaux, nchini Ufaransa, pango lenye michoro ya wanyama ya miaka ipatayo 17,000, liligunduliwa mwaka 1940 na kufungwa mwaka 1963, kwa sababu joto, unyevu na hewa itokayo kwa wageni vilikuwa vinaotesha mwani juu ya michoro. Chauvet, lililogunduliwa mwaka 1994 na lenye michoro ya kale zaidi, halikufunguliwa kwa umma hata siku moja. Watafiti wachache huingia kwa muda mfupi kila mwaka wakipita juu ya vijia vya chuma, na watalii huonyeshwa nakala iliyojengwa kilomita chache kutoka hapo.